Chungu cha Bi Nangumi

Watu wa Pande walikuwa na hakika na jambo moja: kina Likwata hawafi kwa homa wala kwa uzee, wanakufa kwa kushindwa kumeza. Mtu huanza kwa kukwama na ugali, anajipiga kifuani na kuomba maji. Baada ya miezi michache ugali anauogopa, anahamia kwenye wali laini, kutoka wali anahamia kwenye uji, na siku maji matupu yanapogoma kushuka, jamaa wanapigiwa simu waje. Alikwenda hivyo Bi Nangumi mwenyewe, mke wa marehemu mzee Likwata. Akafuata mwanawe Salumu, kisha Ibrahimu, na mwaka juzi akafuata Mwanaidi. Watu wa Pande si wabaya, lakini midomo wanayo, na ugonjwa huo wakaupa jina la nyumba. Mtu akipaliwa na pilau kwenye shughuli, hakosi mtani wa kumuuliza kama naye ameshakuwa Likwata.

Somoe, binti wa Mwanaidi, alikulia ndani ya jina hilo kama mtu anavyokulia kwenye nyumba inayovuja. Wanaume wawili walileta posa, na wote wawili walirudi nyuma baada ya mama zao kuulizia ukoo. Wa tatu, Nurdin, fundi wa mashine za boti kutoka Kinjumbi, alikuja bila kuulizia, au aliulizia akanyamaza, Mungu ndiye ajuaye. Wakaoana. Sasa Somoe alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto mchangamfu asiyetulia tumboni, na kila teke lilimrudisha kwenye swali lile lile. Ugonjwa huu uko kwenye damu? Kama uko kwenye damu, basi ameshampa. Mtoto hajaliona jua na tayari amerithi kifo cha bibi yake. Swali hilo hakuthubutu kumwambia Nurdin. Alimwambia Dokta Lusia, kwa simu.

Huyu Dokta Lusia alikuwa mtu wa Lindi, wazazi wake Wamakonde wa kule juu Newala, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu vilivyochakaa kwa vumbi la barabara zetu. Udokta wake uliwachanganya watu. Hakuwa na sindano wala dawa. Wengine walimletea watoto wenye mafua, akawa anawaelekeza zahanati. Kazi yake, alivyoieleza mwenyewe barazani, haikuwa kumtibu mgonjwa mmoja mmoja. Ilikuwa kuuliza kwa nini saratani inabisha hodi nyumba hii na kuiruka ile. Kwa hiyo alitembea nyumba kwa nyumba, kuanzia Kilwa hadi Lindi, akiuliza watu wanakula nini, wanapikia nini, babu yao alikufa na nini. Mzee mmoja alisema serikali imekosa kazi ya kuwapa wasomi.

Alipokuja mara ya kwanza kwa kina Likwata, mwaka uliopita, nyumba ilikuwa na wanawake wawili: Somoe na mama yake mkubwa, Bi Tumu. Bi Tumu ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa Bi Nangumi, mjane wa miaka sitini na ushei, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kisu cha samaki. Dokta alimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Bi Tumu akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kama ni kweli Wamakonde wanakula panya. Dokta akajibu kwamba wanakula, na kwamba panya akikaangwa vizuri Bi Tumu mwenyewe angeomba kuongezewa. Bi Tumu alicheka mpaka akakaa vizuri kwenye mkeka, na tangu hapo mazungumzo yakawa rahisi.

Siku hiyo Dokta alichora ukoo wao kwenye kompyuta: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanaume, mistari ya kuunganisha. Juu alikaa Bi Nangumi na mumewe. Chini yao Tumu, Salumu, Ibrahimu na Mwanaidi. Dokta akauliza kama wote wanne ni wa tumbo moja. Bi Tumu akajibu bila kupepesa jicho, "Tumbo moja, baba mmoja." Dokta akayajaza rangi nyeusi maumbo ya waliokufa kwa koo, na Somoe akayahesabu. Mama mweusi, watoto watatu kati ya wanne weusi. Hata asiyejua kusoma angeisoma.

Kisha Dokta aliwaomba mate. Alitoa vichupa vidogo, akaeleza kwamba ndani ya mate kuna vinasaba, na vinasaba ndivyo vinavyobeba urithi wa mtu kutoka kwa mama na baba, na baba zao, na wa nyuma yao.

"Yaani mate yangu haya," alisema Bi Tumu akikishika kichupa kwa mbali, "yanajua nilikotoka?"

"Yanajua hata ambayo wewe huyajui, bibi. Ndiyo maana nauliza kabla. Yakisema jambo ambalo sikwenda kulitafuta, ungependa nikwambie?"

Bi Tumu alikigeuza kile kichupa. "Hapana," akasema. "Yakianza kusema lisiloulizwa, yafunge mdomo."

Somoe alijibu kwamba yeye anataka kuambiwa yote. Alishangaa kumwona mama yake mkubwa, mpenda habari kuliko wote mtaani, akikataa habari za bure. Lakini mara Dokta akachomeka kipimajoto kwenye bakuli la Somoe la uji wa mtama, na mshangao ukahamia huko. Dokta alikisoma, akakifuta, akakichomeka tena.

"Unaunywa hivi hivi?"

"Sisi hatunywi uji wa maiti," alisema Somoe, na akanywa funda kubwa mbele yake kwa maringo. Huo ulikuwa msemo wa nyumba. Kina Likwata walijulikana pia kwa hilo: uji kwao hunywewa ukitoka jikoni, na anayepuliza huchekwa. Dokta hakucheka, aliandika tu.

Mwaka ukapita, mate yakaenda Dar es Salaam na kwingineko, mimba ikaingia. Dokta Lusia aliporudi, Somoe alimwona tangu anafungua mlango wa gari, akaweka kisu chini. Nurdin alikuwa Songo Songo kwenye mashine ya mtu. Mle uani walikuwa wanawake watatu tu, na kikapu cha mihogo ambayo hakuna aliyeimenya tena.

Dokta alizungumza polepole. "Somoe, uliniuliza kama ugonjwa huu uko kwenye damu yenu. Jibu ninalo, ila nusu yake haijawa yangu kuitoa. Wewe uliniruhusu nikwambie kila kitu. Mwenzako hakuniruhusu, na siwezi kukwambia lako bila kugusa lake." Akamgeukia Bi Tumu. "Bibi, sikulazimishi. Nauliza swali moja, na ukinyamaza nitakunywa chai niende zangu. Ule mchoro wa ukoo ulionipa, ni sawasawa kwa kuzaliwa?"

Bi Tumu aliinuka, akakung'uta kanga yake. "Swala ya adhuhuri imefika," akasema, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ikigoma kusema utaifanya nini? Dokta alikwenda kulala kwenye nyumba ya wageni, akasema atakuwepo Pande kwa kazi zake nyingine hadi Ijumaa. Somoe alibaki na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alimpikia Bi Tumu bila kumsemesha, akamfulia bila kumsemesha. Jioni alimkuta amekaa jikoni peke yake akichambua dagaa ambao walishachambuliwa, na uvumilivu ukamwisha.

"Mama mkubwa, mimi sikuulizi siri zako. Nakuuliza mtoto wangu. Nikilala naota namnyonyesha halafu maziwa yanamkwama. Kama kuna neno unalo na unaninyima, nitakuja kukuuliza mbele ya Mungu."

"Usinitishe kwa Mungu, mimi namwogopa kabla hujazaliwa," alisema Bi Tumu. Lakini sauti yake haikuwa na makali. "Unajua radhi za mama, Somoe?"

"Nazijua."

"Hujui. Wewe mama yako alikufa akikubariki. Mimi mama yangu alinifungia radhi zake kwenye neno moja, na neno lenyewe ndilo hilo mnaloniomba wewe na yule Mmakonde wako." Aliinuka akaenda kulala bila kula.

Somoe alimsikia usiku ule akigeuka geuka kitandani, na mimi nasema hakuna mzigo mzito kama kiapo alichokula mtoto kwa ajili ya mtu mzima. Alfajiri Bi Tumu alisali sala ndefu. Alipomaliza alibaki kwenye mswala, na Somoe alipopita na ndoo alimwita.

"Mama aliapisha ili mtoto asitengwe," alisema, akiongea na mkeka zaidi kuliko na Somoe. "Nimefikiri usiku kucha. Leo kiapo hicho hicho ndicho kinachomtenga mtoto wako hata hajatoka. Mama hakukusudia hivyo. Kama nimekosea, nitamwambia mwenyewe nikimkuta. Mwite Dokta."

Dokta Lusia alikuja hata bila kunywa chai. Bi Tumu alimkalisha, akaomba Somoe akae karibu naye, na akaanza kama mtu anayevua mwiba wake mwenyewe.

"Nilikudanganya, Dokta. Mama yangu alizaa wawili tu waliokua, mimi na Salumu. Ibrahimu aliletwa kwa mashua kutoka Songo Songo akiwa kichanga, mama yake kafa kwenye uzazi. Baba yake alisema anamwacha mpaka aache kunyonya. Akaoa, hakurudi. Mama alikuwa ananyonyesha Salumu, akamweka huyu ziwa la pili. Siku ile ile alitukusanya wote wa nyumba, na baba akiwemo, akafungua kifua chake mbele yetu akasema: atakayemwambia huyu kwamba hakuzaliwa humu, ziwa hili halimsamehe, na radhi zangu hana duniani wala akhera. Baba akampa jina lake. Mashehe wakisikia watatusema, maana mtoto hunasibishwa na baba yake aliyemzaa. Lakini wakati ule njaa ilikuwa inasema kuliko mashehe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na si kwa kina Likwata peke yao. Kwenye nyumba nyingi za pwani hii, mtoto akishanyonya, habari za alikotoka zinafungwa, na kumwuliza mtu kama ndugu yake ni wa kuzaliwa au wa kunyonya ni utovu wa adabu unaoweza kukufukuzisha kwenye sherehe. Dokta aliuliza nyumba hadi nyumba, na nyumba hadi nyumba akajibiwa kwa adabu. Watu walimdanganya kwa moyo safi kabisa, na uongo wenye moyo safi ndio mgumu kuugundua.

"Na mama yangu?" aliuliza Somoe.

Bi Tumu alimshika mkono. "Mama yako alikuja mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa msichana wa kuteka maji. Alipita mwanamke kutoka bara, peke yake, mzigo kichwani, uchungu umeshamshika. Akaanguka pale barazani. Mama alikuwa amezika kichanga chake siku chache nyuma, maziwa bado yanamuuma. Akampokea yule mtoto kwa mikono yake. Yule mwanamke alikuwa anatetemeka kwa baridi na jua linawaka. Akafa hata jina hajataja."

Somoe aliuangalia mkono uliomshika. Alikuwa ameomba miaka yote asiwe na damu ile. Aliomba kwenye sala, aliomba kwenye mazishi ya wajomba zake, aliomba akimsafisha mama yake mdomo kwa pamba. Sasa amepewa alichoomba, na kilimuuma kuliko alivyodhani. Bibi aliyeliimba jina lake kwenye ngoma si bibi yake. Kaburi analopalilia kila mwaka kabla ya Ramadhani ni kaburi la watu baki.

"Basi mimi si Likwata," alisema hatimaye.

"Ukilirudia neno hilo nitakuzaba kibao na mimba yako hiyo," alisema Bi Tumu, na machozi yalikuwa yanamtiririka. "Dokta, sema sasa. Sema yaliyomo kwenye mate."

Dokta alivuta pumzi. Alisema mate hayakuwa na zaidi ya hayo. Yalionyesha kwamba Bi Tumu na Somoe hawana uhusiano wa damu, na kwamba mtoto wa Ibrahimu aliyepimwa Songo Songo naye hana uhusiano wa damu na yeyote kati yao. Alikuwa amekaa na jambo hilo miezi, akiutazama ule mchoro wenye maumbo meusi, kwa sababu mchoro ulisema huu ni urithi, na mate yalisema hapana. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinasema uongo.

"Kwa hiyo ni nini, kama si damu?" aliuliza Somoe.

"Nyumba moja haithibitishi kitu, na sitaki mkasimulie kwamba nimesema. Lakini nina nyumba nyingi sasa. Damu ina sehemu yake, ndogo, sikatai; wapo watu ambao miili yao huumia upesi kuliko ya wengine. Ila ninachokiona kila ninapokwenda si damu. Ni jiko. Kitu cha moto mno kinachopita kooni kila siku tangu utotoni, kinaunguza, pakipona kinaunguza tena. Ongeza makopa ya muhogo yaliyoota ukungu, ongeza moshi, ongeza pombe kali na tumbaku kwa wanaokunywa na kuvuta. Sasa bibi, nieleze mlivyokuwa mnakula."

Bi Tumu alifuta uso kwa upindo wa kanga. Swali lilimpendeza, maana lilikuwa rahisi.

"Chungu kimoja," alisema. "Kikubwa, cha kutoa uji wa nyumba na wa majirani. Mama hakumfukuza mtoto wa mtu. Ulikuwa mwaka wa njaa, na ukafuata mwingine. Asubuhi ua ulijaa watoto mpaka nyuma ya choo. Uji ukitoka ni kugombea. Anayesubiri upoe anakuta bakuli limelambwa. Kwa hiyo walijifunza kunywa moto, wakawa wanashindana, Salumu anaweza kunywa ukiwa bado unatokota. Ndipo wakaanza kuwacheka wanaopuliza. Na mama mwenyewe alikuwa anauonja kwa upawa ukiwa motoni, kutwa nzima."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nagawa. Binti mkubwa anagawa, na anayegawa anakula mwisho. Zamu yangu ikifika, uji umeshaganda mpaka una ngozi juu. Nililia sana kwa ajili ya ngozi ile, Dokta. Nilisema mama hanipendi. Mpaka naolewa nilikuwa na kinyongo, na hata leo uji wa moto siuwezi, sikuuzoea."

Dokta Lusia alikuwa anaandika. Aliacha, akamtazama yule mwanamke mwembamba kwa namna ambayo Somoe hakuisahau, kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta bahari. "Bibi," alisema, "huenda ile ngozi ya uji ndiyo iliyokubakiza."

Bi Tumu alitazama mikono yake, ile iliyoshika upawa, akaigeuza juu chini. Kinyongo cha miaka hamsini kilikuwa kinatafuta pa kukaa na hakikupaona.

"Wale watoto wa majirani," Dokta alisema taratibu, "unawakumbuka?"

"Nitaachaje kuwakumbuka na mimi ndiye niliyewagawia?" Bi Tumu akaanza kuwataja kwa vidole, wakati huo hata hajajua anachokisema. "Kulikuwa na Klementi, mtoto wa mwalimu, Mmakonde mwenzako. Walihamishiwa Lindi. Huyo tulisikia amelogwa huko, akawa hawezi kumeza hata mate." Akasita. "Bertha, dada yake, naye…" Akasita tena. "Na yule wa kwa Yassin aliyekwenda kuolewa Kinjumbi, walisema amekufa na kidonda cha kifua. Alikuwa anatapika kila anachokula."

Vidole vyake vilibaki hewani. Miaka yote hiyo ugonjwa ulikuwa mmoja, umetembea kutoka ua huu hadi Lindi na Kinjumbi, na kila nyumba ilizika wake peke yake, nyumba moja ikisema uchawi, nyingine kidonda, nyingine mkosi wa ukoo. Walikuwa ndugu wa chungu kimoja na hawakujua. Dokta Lusia alikuwa ameiweka kalamu chini kabisa. Baadaye alimwambia Somoe kwamba miaka kumi na zaidi ya kazi ilikuwa haijawahi kumpa asubuhi kama ile, kwamba alitamani kuomba dua na hakukumbuka hata moja.

Kisha Dokta akakumbuka alichokuja kufanya. Alimgeukia Somoe.

"Uliniuliza kama umempa. Kwa yote ninayoyajua leo, hukumpa. Huyo humo ndani hajaonja kitu. Lakini wewe umeonja, miaka thelathini. Ukishajifungua nitakupeleka mwenyewe wakakuangalie koo kwa ile kamera ndogo, na mtoto wa Ibrahimu pia. Na uji, tafadhali, uache upoe mpaka kidole kivumilie."

Somoe aliitikia kwa kichwa. Alingoja furaha ije. Ilikuja, ikampanda kutoka kwenye nyonga mpaka machoni, kubwa kiasi kwamba alilazimika kushika nguzo ya jiko. Mtoto wake alikuwa mzima, koo lake safi. Alitaka kumpigia Nurdin saa ile ile.

Ila Bi Tumu alikuwa amejikunyata kwenye mkeka. "Nimeelewa sasa," alisema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Mimi niligawa. Yeye alipika. Salumu, Ibrahimu, Mwanaidi, na watoto wa watu. Mama aliwaua, na mimi nikamsaidia kubeba mabakuli."

Dokta alifungua mdomo. Alianza kusema kuhusu njaa, kuhusu kutojua, kuhusu moshi na ukungu, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Yalikuwa maneno ya kweli, na hayakufika. Somoe alimgusa begani ili anyamaze, akashuka kwa shida, mkono mmoja kwenye tumbo, akakaa mbele ya mama yake mkubwa.

"Yule mwanamke wa barazani," aliuliza, "kabla ya kufika kwetu, alipita nyumba nyingine?"

"Alipita. Zilikuwepo nyingi njiani. Walifunga milango, Somoe, usiwahukumu. Hawakuwa na cha kutoa."

"Akafika hapa. Akapewa nini?"

"Uji. Wa moto, maana alikuwa anatetemeka. Alikunywa mafunda mawili akasema ahsante. Hakuumaliza. Aliposhikwa na mauti, mama aliumalizia yeye, hapo hapo amesimama, ili maziwa yarudi kwa ajili ya mtoto."

"Basi hesabu vizuri, mama mkubwa. Mtoto wa bara, kichanga, hana mama, hana jina, milango imefungwa. Bila chungu kile asingefika magharibi. Badala yake alikua, alicheza ngoma, aliolewa, alinizaa mimi akanisomesha, na mimi nina huyu. Aliishi miaka yote hiyo kwa uji ule. Ibrahimu vile vile. Hao watoto wa mwalimu vile vile. Bibi hakuua mtu. Walikuwa wameshakufa wote walipofika kwake, yeye akawarudisha."

Bi Tumu alimtazama kwa muda mrefu. Mwanamke huyu hakulia hadharani alipomzika mumewe, wala alipomzika Salumu. Sasa aliuvuta ushungi mpaka usoni akalia kwa sauti, kama msichana wa kuteka maji, na katikati ya kilio alikuwa anaita, "Mama, mama," akimwita mama yake, na mama wa wale ambao hakuwazaa. Somoe hakumnyamazisha. Dokta Lusia alizima kompyuta yake, akavua viatu, akaja kukaa nao mkekani.